Kidonge cha Maumivu Hakizuii Damu



Wenye magari wana msemo wanaoupenda sana: ajali haina kinga. Kila dereva anapoumia, kila utingo anapobanwa na chuma, tunasomewa msemo huo, tunapewa pole, halafu gari linatafutiwa mtu mwingine. Sisi hatuukubali. Ajali nyingi zina kinga, na hata ile isiyo na kinga ina huduma ya kwanza. Leo tunataka kusema juu ya huduma hiyo, yaani lile sanduku dogo linalokaa nyuma ya kiti cha dereva, au linalopaswa kukaa hapo.

Sehemu hii ya Kiswahili inasomwa na wenzetu wanaotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba. Kutoka Mombasa hadi Kampala peke yake ni zaidi ya kilomita 1,100, na katika mwendo huo kuna mahali pengi ambapo hospitali iko mbali na msaada wa karibu ni yule mliye naye ndani ya gari. Basi tunamwomba kila msomaji, kabla hajaendelea, aende akafungue sanduku lake aone kuna nini ndani.

Sisi tumefungua mengi. Katika ziara zetu za kuandikisha wanachama Malaba, Busia na Elegu tumekuwa tukiwaomba madereva watuonyeshe walichonacho. Magari mengine hayana kitu kabisa. Mengine yana sanduku, na ndani yake mna vidonge vya maumivu, tena si haba: vya kichwa, vya mgongo, vya magoti, vingine vimefungwa katika kipande cha gazeti na hakuna anayejua jina lake. Lakini ukiuliza bandeji, hamna. Glavu, hamna. Mkasi, hamna. Mara chache tumekuta bandeji moja iliyokuja na gari lenyewe, imegeuka rangi kwa uzee.

Jambo hili si dogo. Tutaeleza kwa nini.

MKASA WA MWENZETU

Mwaka 2013 utingo mmoja, mwanachama wetu, alikuwa akibadilisha tairi karibu na Bugiri. Jeki iliteleza, chuma kikamchana mkono juu ya kifundo, na damu ikaruka. Dereva wake, mtu mwema na mzoefu, akakimbilia sanduku. Alikuta karatasi tatu za vidonge na chupa tupu ya dawa ya vidonda. Alifanya lililowezekana kwa akili yake: akampa aspirini mbili apunguze maumivu, akaufunga mkono kwa kamba nyembamba ya katani, na kila baada ya muda akailegeza, akidhani kwamba mkono unahitaji kupumua.

Sasa tunajua kwamba yote matatu yalikuwa makosa. Aspirini huifanya damu isigande upesi. Kamba nyembamba hukata nyama bila kuzuia damu ipasavyo. Na kulegeza kila mara ni kuiachia damu ambayo haitarudi. Aliyemwokoa mwenzetu ni mama mmoja muuguzi aliyekuwa abiria katika teksi iliyosimama. Alikunja kitenge chake, akakibandika juu ya jeraha, akakikandamiza kwa mikono miwili, asiachie mpaka wakafika hospitali. Hakutumia kidonge hata kimoja.

Mwenzetu yu hai, lakini mkono ule haukunji ngumi. Tulipokwenda kumwona tajiri wake ili tuzungumze juu ya fidia, jambo la kwanza alilotuambia lilikuwa hili: "Dawa zilikuwemo ndani ya gari." Na kweli zilikuwemo. Ndipo tulipoanza kujiuliza, ni dawa za nani?

KWA NINI VIDONGE NI VINGI NA BANDEJI HAKUNA

Ndugu, sanduku linasema lilinunuliwa kwa ajili gani. Bandeji humsaidia mtu aliyesimama kwa sababu ameumia. Kidonge humsaidia mtu aendelee na safari wakati alipaswa kusimama. Mgongo unauma, meza kidonge, mzigo unangojewa. Goti limevimba, meza viwili. Homa imepanda, meza, utapima ukifika. Kwa njia hiyo sanduku linageuka fimbo ya kutuendeshea, na tunajichapa wenyewe.

Maumivu ni taarifa ya mwili. Mtu anayezima taarifa hiyo kila siku kwa miezi hajapona, ila ameacha kusikia. Tazameni homa peke yake. Kidonge cha maumivu hushusha joto, mtu akajiona mzima, lakini kama ni malaria, vijidudu vinaendelea na kazi yao ndani ya damu. Malaria kali inaweza kumwangusha mtu katika muda wa siku moja au mbili. Mwenye homa apimwe, na asijidanganye kwa sababu joto limeshuka.

Hatusemi kwamba dawa za maumivu ni mbaya. Mgala muue na haki yake mpe. Mtu aliyevunjika mguu ana haki ya kupunguziwa uchungu kama mtu mwingine yeyote. Tunachosema ni kwamba zichaguliwe kwa akili, ziwe chache, na zikae chini ya vitu vya kuokoa maisha, wala si mahali pake.

DAWA ZIPI ZICHUKULIWE

Kwa maoni yetu, baada ya kuwasikiliza waganga na wauguzi, sanduku la gari linahitaji aina tatu tu.

Ya kwanza ni paracetamol, vidonge vya miligramu 500. Hii ndiyo ya kutegemea kwa kichwa, jino, na maumivu ya jeraha, kwa sababu haichochei damu kutoka na haikwaruzi tumbo. Mtu mzima mwenye afya humeza kimoja au viwili kwa wakati mmoja, kisha angoje si chini ya saa nne, na kwa saa 24 asizidishe vidonge vinane. Hapa tunasisitiza, kwa sababu wengi huidharau dawa hii kwa kuwa inauzwa kila duka. Ikizidi inaharibu ini, tena kimyakimya. Mtu anaweza kujiona salama siku ya kwanza na ini lake limekwisha kuumia. Mwenye mwili mdogo, mwenye ugonjwa wa ini na mnywaji wa pombe wa kila siku waulize kwanza kwa mganga, maana kipimo chao ni kidogo zaidi. Tena someni maandishi madogo: dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Anayemeza hiyo na hii anameza mara mbili bila kujua.

Ya pili ni ibuprofen ya miligramu 200. Inafaa kwa mgongo, misuli na mahali palipovimba. Lakini ina masharti. Imezwe baada ya chakula. Isimezwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mjamzito, na akina mama wanaoendesha malori sasa wapo kati yetu. Mwenye pumu au shinikizo la damu aulize kwanza. Isimezwe na mtu anayeharisha au kutapika au aliyekaukiwa maji kwa kushinda juani katika foleni, kwa maana figo zake zinakuwa katika hatari. Wala isichanganywe na aspirini au diclofenac, kwa sababu hizo ni za ukoo mmoja na madhara yake hujumlishwa.

Ya tatu ni aspirini ya miligramu 300, vidonge vichache tu, na kwa kazi moja. Mtu mzima akishikwa na maumivu mazito ya kifua kama anakandamizwa na mzigo, jasho linamtoka, maumivu yanakwenda begani au tayani, huenda ni moyo. Asimamishe gari, aketi, atafune kidonge kimoja, apelekwe hospitali mara moja. Asipewe kama aspirini humdhuru au kama ana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Mtoto asipewe kabisa. Na mtu anayevuja damu au aliyegongwa kichwani asipewe aspirini wala ibuprofen.

Tramadol na dawa zenye codeine zisiwemo. Zinaleta usingizi, zinamfunga mtu asiweze kuziacha, na dereva anayesinzia na tani 28 nyuma yake ni hatari kwake na kwa kijiji kizima. Tunajua zinauzwa kwa siri katika maegesho. Tunajua pia nani anafaidika na safari inayokwisha mapema.

Mtu aliyeumia sana, anayetapika au asiye na fahamu, asipewe kitu chochote kinywani, hata maji. Na dawa zote zikae ndani ya pakiti zake, zenye jina na tarehe ya mwisho. Pakiti nyingi zimeandikwa kwamba dawa isikae katika joto linalozidi nyuzi 30. Kabini iliyoegeshwa juani hupita hapo kwa urahisi. Kwa hiyo sanduku liwekwe chini, mahali penye kivuli, mbali na injini, na dawa zikaguliwe mara mbili kwa mwaka.

VYOMBO VYA KUOKOA

Sasa tuje kwenye vitu ambavyo masanduku yetu hayana.

Glavu za mpira jozi kadhaa, ili anayesaidia naye asipate ugonjwa kwa damu ya mwenzake. Shashi safi na bandeji pana, nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa jeraha moja kubwa linaweza kumaliza zote. Mkasi wenye nguvu wa kukata nguo na mkanda wa kiti. Kitambaa cha pembetatu cha kutundika mkono. Plasta. Sabuni. Maji safi lita tano ambayo hayaguswi kwa chai. Pakiti za chumvi na sukari za kuharisha. Blanketi, kwa maana mtu aliyepoteza damu hushikwa na baridi hata mchana. Tochi, filimbi, pembetatu za kuonya magari mengine, na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa.

Tena uwemo ukanda wa kuzuia damu. Ule uliotengenezwa kiwandani ni bora. Usipopatikana, ukanda wa nguo imara wenye upana wa vidole vitatu au vinne na kijiti kigumu cha kuuzungushia. Ukanda huu ni wa mkono au mguu tu, na ni pale damu inapomwagika na kukandamiza kumeshindwa. Hufungwa vidole vinne juu ya jeraha, si juu ya goti wala kiwiko, ukakazwa mpaka damu isimame. Saa ya kufunga iandikwe. Usilegezwe mpaka hospitali. Waya na kamba nyembamba visitumike.

Lakini kumbukeni kwamba mara nyingi mikono miwili na kitambaa safi vinatosha: bandika, kandamiza, usiachie kuchungulia. Aliyeungua na maji ya rejeta amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba. Atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali.

Juu ya haya yote, msaidizi ajilinde kwanza. Weka pembetatu, zima injini, tazama kama kuna mafuta yanayomwagika. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, Kongo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 200. Penye lori la mafuta lililopinduka kazi ya kwanza ni kuwafukuza watu mbali, na filimbi ya shilingi chache huokoa wengi kuliko sanduku zima.

DAFTARI NALO NI CHOMBO

Katika orodha yetu tunaongeza kitu ambacho madukani hakihesabiwi miongoni mwa dawa, nacho ni daftari na kalamu. Liandikwe namba za simu za hospitali na vituo vya polisi vya njia nzima. Liandikwe jina la kila mfanyakazi wa gari, na ugonjwa wake wa siku zote, na dawa inayomdhuru. Akiumia mtu, iandikwe saa, mahali, alichopewa na kiasi gani. Mganga atakayempokea atajua pa kuanzia.

Na kuna faida ya pili. Maandishi yale ya saa ile ile ni ushahidi. Mwenzetu wa Bugiri alipodai fidia, tajiri alisema aliumia akiwa katika shughuli zake binafsi. Hatukuwa na karatasi. Ilituchukua miezi mingi kuwatafuta mashahidi.

NANI ALIPE

Hapa ndipo penye ubishi, hata ndani ya chama chetu. Wenzetu wengine husema: "Tusimngoje tajiri. Kila mtu ajinunulie sanduku lake, uhai ni wake." Wanasema kwa uchungu, nasi tunawaelewa. Damu haingoji mkutano. Mwenye uwezo wa kubeba glavu, kitambaa na bandeji mbili katika mfuko wake, na abebe leo hii, asingoje toleo lijalo la gazeti hili.

Lakini kubeba ni jambo moja na kubeba bili ni jambo jingine. Tukikubali kwamba sanduku ni letu, kesho tutaambiwa pembetatu ni zetu, keshokutwa tairi. Mzigo ni wa tajiri, gari ni la tajiri, faida ni ya tajiri. Iweje damu peke yake iwe ya kwetu?

Wala hatuombi sadaka. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 haikuishia kwenye viwanda na ofisi. Inapoeleza mahali pa kazi ni wapi, inataja hata kabini za malori. Basi kabini ni mahali pa kazi kama karakana. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 18 kwamba waajiri watakiwe kuweka mipango ya kukabili dharura na ajali, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Na kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za kazi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijauridhia mkataba wenyewe.

Tajiri atasema ni gharama. Tunamwuliza: sanduku kamili lina bei gani mbele ya tairi moja la trela? Tairi likipasuka hatusikii akisema tairi halina kinga.

TUNAYODAI

Kwa hiyo tunataka mambo haya yaingie katika kila mapatano yatakayotiwa saini:

(a) Kila gari liwe na sanduku kamili kwa gharama ya mwajiri, na orodha yake ibandikwe ndani ya kifuniko kwa Kiswahili.

(b) Kilichotumika kirudishwe kabla ya safari nyingine, wala kisikatwe katika mshahara.

(c) Dereva na utingo wote wawili wafundishwe huduma ya kwanza siku za kazi, kwa malipo ya kazi. Mara nyingi dereva ndiye anayeumia, na utingo ndiye anayebaki na sanduku mkononi.

(d) Mfanyakazi aliyeumia au mwenye homa awe na haki ya kusimama bila kupoteza posho ya safari. Bila haki hii sanduku lote ni bure, kwa maana mtu ataendelea kumeza na kukanyaga mafuta.

Ndugu zetu, dai hili la nne ndilo gumu, na ndilo watakalolipinga zaidi. Mengine watayakubali ili tunyamaze. Tusinyamaze. Mwakilishi wa kila kampuni afungue masanduku yote kabla ya mkutano wetu ujao, aandike kilichomo na kisichomo, atuletee orodha. Tutakwenda nazo mezani. Atakayetuambia tena kwamba dawa zilikuwemo ndani ya gari, tutamfungulia daftari tumwonyeshe ni dawa zipi.

Umoja ni nguvu.